TeX Live mbili ndani ya laptopu moja: kisa cha tasnifu iliyogoma

Ujumbe uliingia saa nne usiku, siku ya Jumanne. "Shikamoo kaka. Tasnifu imegoma. Nikiiendesha kwenye Kile marejeo yanatoka vizuri ila kiolezo cha chuo kinakataa. Nikiiendesha kwenye terminali kiolezo kinakubali, marejeo ndiyo hayatoki. Ijumaa nakabidhi."

Kile ni programu ya kuandikia LaTeX, na LaTeX ni mfumo wa kupanga nyaraka kwa amri. Ilikuwa Septemba 2023. Aliyeandika ni mdogo wake rafiki yangu, alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya takwimu hapa Mbeya. Nikamjibu: "Marahaba. Usisakinishe wala usiondoe kitu kingine chochote mpaka nifike."

Katazo hilo halikuwa la bure. Mtu akikwama na LaTeX kwenye Linux, wazo la kwanza ni kuondoa kila kitu na kuweka upya, kama vile anazima redio na kuiwasha. Kwa programu nyingi hilo linatosha. Kwa TeX Live, mkusanyo wa programu na vifurushi vinavyoendesha LaTeX, kila duru ya kuondoa na kuweka inaacha mabaki mahali tofauti, na anayekuja kusaidia anaanza kazi ya kuchimbua badala ya kutibu.

Jumatano mchana nilimkuta maktaba, laptopu iko mezani, chaja imepitishwa chini ya viti viwili. Alitaka kunionyesha kosa moja kwa moja. Nikamwambia hapana, tuanze na historia:

`history | grep -E 'apt|tlmgr|install-tl'`

Amri hiyo naipenda kuliko maelezo ya mdomo. Mtu husahau alichofanya mwezi uliopita, au huona aibu kukisema. Terminali haina aibu.

Alichokifanya, kwa mpangilio

Mwaka 2022 aliweka Ubuntu 22.04, kisha akavuta `texlive-latex-recommended` na Kile kwa apt, meneja wa vifurushi wa Ubuntu. Kwa pendekezo la utafiti vilitosha. Alipofika kwenye marejeo, mwandishi mwenzake darasani akampa faili lenye biblatex, kifurushi cha kupanga marejeo, na LaTeX ikasimama na ujumbe ambao kila mmoja wetu ameshauona: `File 'biblatex.sty' not found`.

Hapa ndipo alipokosea njia, ingawa simlaumu. Alitafuta mtandaoni akakuta jibu fupi: `tlmgr install biblatex`. Jibu hilo ni sahihi kabisa, ila ni sahihi kwa mtu mwingine.

Kwenye Ubuntu na Debian TeX Live inaingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni apt: watunzaji wa Debian wanachukua TeX Live, wanaikata vipande vikubwa kama `texlive-latex-extra` na `texlive-bibtex-extra`, na kuvitawanya ndani ya `/usr`. Wa pili ni kisakinishi cha TeX Live chenyewe, `install-tl`, kinachoweka kila kitu chini ya `/usr/local/texlive` na folda ya mwaka, kisha kukuachia meneja wake, tlmgr. Mlango wa kwanza una mlinzi mmoja, apt. Wa pili una mlinzi mwingine, tlmgr. Debian hawataki walinzi wawili kwenye geti moja, kwa hiyo tlmgr inayokuja na apt wameifunga mikono: ukiiita, inakuambia kwamba uko kwenye Debian na inahamia hali ya mtumiaji. Maana yake haitagusa `/usr` hata kidogo. Itaweka vitu kwenye nyumba yako tu, ndani ya `~/texmf`.

Ilimwambia hivyo, naye akaendelea. Ikamdai aanzishe mti wake kwa `tlmgr init-usertree`, akafanya. Ikakataa tena, kwa sababu TeX Live ya kwenye mashine ilikuwa ya 2021 na hazina ya mtandaoni ilikuwa imeshavuka mwaka, na tlmgr haivuki mwaka kienyeji hivyo. Wengi hukata tamaa hapo. Yeye alitafuta mpaka akapata hazina ya kihistoria, ambako kila mwaka uliofungwa umehifadhiwa kwenye folda iitwayo `tlnet-final`. Akaielekeza tlmgr huko, kwa 2021, na biblatex toleo 3.17 ikatua nyumbani kwake. Nikamwambia ana ukaidi wa kufaa utafiti.

Alipoita `biber`, programu inayopanga marejeo kwa niaba ya biblatex, Ubuntu ikamjibu kwamba haipo ila anaweza kuipata kwa `sudo apt install biber`. Akaichukua. Ilikuwa 2.17. Biblatex na biber hutolewa jozi kwa jozi: 3.17 inakwenda na 2.17, 3.19 inakwenda na 2.19. Faili la `.bcf` ambalo biblatex inaandika na biber inasoma lina namba yake ya muundo, na biber haisomi muundo usio wake. Kwa bahati tu, vitu viwili vilivyopita milango tofauti vilikuwa jozi. Kwa mwaka mzima hakuona shida yoyote.

Lakini hakuhitaji safari hiyo yote. `sudo apt install texlive-bibtex-extra` ingemaliza jambo kwa dakika chache, na `apt-file search biblatex.sty` ingemwonyesha jina la kifurushi hicho. Nilipomwambia alicheka, halafu akanyamaza kidogo.

Agosti: kiolezo kipya

Chuo kilitoa darasa jipya la tasnifu, faili la `.cls`. Aliyelitengeneza alitumia `\ProcessKeyOptions`, amri iliyoingia kwenye LaTeX katika toleo la Juni 2022. LaTeX ya Ubuntu 22.04 ni ya Novemba 2021. Kwa hiyo kwanza lilikuja onyo kwamba limeombwa toleo jipya kuliko lililopo, kisha, mistari michache chini, `Undefined control sequence`. Onyo watu hawalisomi. Wanasoma kosa, ambalo peke yake halisemi lolote.

Yeye alilisoma onyo, na akahitimisha vyema kwamba anahitaji TeX Live mpya. Akapakua `install-tl`, akaacha mpangilio wa msingi, yaani TeX Live nzima na nyaraka zake na misimbo yake, zaidi ya gigabaiti 7 kwenye diski. Alitumia bando la usiku. Mtandao ulikatika mara mbili. Kisakinishi kikikatika kinakuachia faili liitwalo `installation.profile`, na ukikiita tena kwa `--profile` kinarudia pale kilipoishia. Hilo alilijua kwa kusoma mistari ya mwisho kabla terminali haijafungwa, na lilimwokolea bando.

Baada ya hapo aliongeza mstari wa PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta programu, mwishoni mwa `~/.bashrc`, faili linalosomwa terminali inapofunguliwa. Akafungua terminali mpya, `pdflatex` ikawa ya 2023. Kile ikabaki na ile ya zamani. Akaona dawa ni kuing'oa ya zamani:

`sudo apt remove texlive-full`

Apt ikajibu kwamba kifurushi hicho hakijasakinishwa, hivyo hakiondolewi. Kweli, hakuwahi kukiweka. (Hata angekiweka, kukiondoa peke yake kusingeondoa karibu chochote: `texlive-full` ni kapu tupu linaloita vifurushi vingine. Ukiondoa kapu, matunda yanabaki mpaka uite `autoremove`.) Basi akaandika `sudo apt purge 'texlive*'`, akabonyeza Y bila kusoma orodha. TeX Live ya Ubuntu ikaondoka. Na Kile nayo ikaondoka, kwa sababu Kile inaitegemea `texlive-latex-base`.

Akairudisha: `sudo apt install kile`. Kile ikaja mkono kwa mkono na `texlive-latex-base`, nayo ikaja na `texlive-base` na `texlive-binaries`. Dakika tano baada ya kuifukuza, TeX Live ya zamani ilikuwa imerudi sebuleni na hakuna aliyeisikia ikiingia.

Kuangalia badala ya kukisia

Nilimwomba aandike:

`type -a pdflatex biber`

Kwa kila jina zikatoka njia tatu: moja ya `/usr/local/texlive/2023/bin/x86_64-linux`, moja ya `/usr/bin`, na moja ya `/bin`. Ya tatu ni kivuli. Kwenye Ubuntu za sasa `/bin` ni kiungo tu cha `/usr/bin`. Lakini mbili za kwanza ni wanyama wawili tofauti. Neno `which` peke yake lingeonyesha wa kwanza tu na kutufanya tuamini kwamba mashine ni safi.

Biber ya `/usr/bin` ilikuwa bado pale kwa sababu jina la kifurushi chake halianzi na `texlive`. Purge yake ya nyota haikumgusa.

Sasa Kile. Aliniambia, kwa uhakika kabisa, kwamba Kile inatumia TeX mpya. "Nimehakikisha. Angalia." Akafungua kidirisha cha terminali kilichopo chini ya Kile, akaandika `which pdflatex`, kikatoa njia ya 2023. Nilikaa nikikitazama kama dakika nzima. Kisha nikambonyezea kitufe cha kujenga waraka na kusoma mstari wa kwanza wa kumbukumbu:

`head -1 tasnifu.log`

Mwisho wa mstari, ndani ya mabano, uliandikwa `TeX Live 2022/dev/Debian`. Tulipoendesha nje, kwenye terminali ya kawaida, mabano yalisema `TeX Live 2023`, basi. Neno Debian ndilo ushahidi. Namba inayotangulia usiisome: toleo la TeX yenyewe linazidi kuongezewa tarakimu za pai, ndivyo Donald Knuth alivyoamua, na limesimama kwenye 3.141592653 tangu 2021. Linafanana pote. Hata hiyo "2022/dev" inachanganya, kwa kuwa vifurushi vyake ni vya 2021. Programu zilichukuliwa wakati 2022 ikiwa bado jikoni.

Kwa nini basi terminali ya ndani ya Kile iseme hivi na kitufe cha Kile kifanye vile? Jibu liko juu kabisa ya `~/.bashrc` ya Ubuntu. Mistari ya mwanzo inauliza: je, hii ni shell inayozungumza na mtu? Kama siyo, rudi, usisome zaidi. Mstari wake wa PATH alikuwa ameuweka mwisho. Kidirisha cha chini kinazungumza na mtu, hivyo kinafika mwisho wa faili na kuona 2023. Kile yenyewe ilizinduliwa kwa kubonyeza alama kwenye skrini, ikarithi mazingira ya kikao cha picha, na kikao hicho hakikufika kwenye mstari huo kamwe. Programu moja, dirisha moja, PATH mbili.

Lilibaki fumbo la marejeo. Kwenye terminali kila kitu kilikuwa cha 2023, biber 2.19 ikiwemo, na bado biber ililalamika kwamba faili la udhibiti ni la muundo usio wake. TeX Live 2023 ina biblatex 3.19. Jozi kamili. Ila tu biblatex iliyosomwa siyo hiyo:

`kpsewhich biblatex.sty`

Ikajibu kwa njia inayoanza na `/home` na kupita ndani ya `texmf`. Na kwenye kumbukumbu: `biblatex 2022/02/02 v3.17`.

Kpathsea, maktaba inayotafuta mafaili ya TeX, huanza nyumbani kwa mtumiaji kabla ya kwenda kwenye mti mkuu. Imepangwa hivyo makusudi, ili ukiwa na mtindo wako mwenyewe ushinde ule wa wote. Na `~/texmf` haina mwaka kwenye jina lake. Folda za `~/.texlive2021` na `~/.texlive2023` kila toleo lina yake, hazigombani. `~/texmf` ni moja, na TeX Live zote mbili zilikuwa zinakula kutoka sahani hiyo hiyo. Biblatex aliyoihangaikia mwaka uliopita, kwa ukaidi ule niliousifu, ilikuwa imekaa mlangoni ikizuia mpya.

Nikachora kwenye daftari lake. Kile: injini ya zamani, biblatex 3.17 ya nyumbani, biber 2.17. Marejeo yanatoka, kiolezo kinakataa. Terminali: injini mpya, biblatex ile ile 3.17, biber 2.19. Kiolezo kinakubali, marejeo hayatoki. Ujumbe wake wa saa nne usiku ulikuwa sahihi neno kwa neno. Akauliza: "Kwa hiyo purge haikufuta?" Haikufuta na haitafuta. Apt haigusi nyumba ya mtu. Kisakinishi cha TeX Live nacho hakigusi. Kilicho ndani ya `/home` kimewekwa kwa jina lako, na mwenye kukitoa ni wewe.

Tiba, na kosa langu

Kwanza tulihamisha, hatukufuta: `mv ~/texmf ~/texmf-kale`. Kpsewhich ikaonyesha biblatex ya 2023. Nikamwambia kwa kujiamini, haya endesha biber. Kosa lile lile, herufi kwa herufi.

Hapo nilipoteza kama robo saa nikishuku vitu visivyohusika, hata akiba ya muda ya biber kwenye `/tmp`, ambayo kweli huharibika mara moja moja. Kumbe biber inasoma `.bcf`, na `.bcf` iliyokuwepo iliandikwa na biblatex ya zamani dakika ishirini kabla. Ilibidi pdflatex ipite kwanza. `latexmk -C tasnifu`, kisha mzunguko mzima upya, na orodha ya marejeo ikatoka kurasa nne. Nimeandika hapa kwa sababu najua nitarudia.

Likatokea kosa jipya, dogo: mtindo wake binafsi wenye alama za takwimu haupatikani. Nao ulikuwa ndani ya `~/texmf`, kazi ya mikono yake. Tukaunda `~/texmf` mpya, tukarudisha folda hiyo moja tu. Hii ndiyo sababu ya `mv` badala ya `rm`. Mtu aliyekuambia "futa tu texmf" hajui ulichoweka humo. Na kwa folda ya nyumbani huhitaji `mktexlsr`, amri ya kusasisha orodha ya mafaili. Inatafutwa moja kwa moja. Ukitaka kujua kama `~/texmf` ya mtu imewahi kutumiwa na tlmgr, tazama kama ina folda ya `tlpkg`. Ya kazi ya mikono haina.

PATH tukaihamishia `~/.profile`, akatoka kwenye kikao na kuingia tena. Kile ikaanza kutumia 2023. Tungeweza kuishia hapo, na kwa tarehe ya Ijumaa labda tungeishia hapo. Lakini TeX ya pili ilikuwa bado ndani, na sasisho lolote la kifurushi kingine lingeweza kuita ndugu zake.

Dawa inayojulikana kwa Debian ni `equivs`: unatengeneza kifurushi bandia kisicho na kitu ndani, ila kinaiambia apt "mimi natoa `texlive-base`, natoa `texlive-latex-base`" na kadhalika, ili Kile iridhike bila kuleta mtu. Watu wa TeX Live wenyewe wanatoa faili la mfano, orodha ya majina imeshaandikwa. Tulilichukua, `equivs-build`, kisha `sudo dpkg -i`. Kifurushi kinaitwa `texlive-local`.

Ndipo nikaandika, kwa mazoea, purge ile ile ya nyota, ila nikaitanguliza na `-s` ili iigize tu:

`apt -s purge 'texlive*'`

Kwenye orodha ya vitakavyoondoka: `texlive-local`. Na mstari wa chini yake: `kile`. Bila shaka. Jina la bandia linaanza na `texlive` vilevile. Tungeifukuza Kile kwa mara ya pili kwa mkono ule ule. Tukaacha nyota, tukataja majina: `texlive-base`, `texlive-binaries`, `texlive-latex-base`, `texlive-latex-recommended`, na `biber`. Halafu `autoremove`, ambayo orodha yake tuliisoma kwa sauti kabla ya Y.

Kwenye terminali iliyokuwa imefunguliwa muda wote akaita `biber` na kupata jibu la ajabu kwamba `/usr/bin/biber` haipo. Macho yakamtoka. Bash hukumbuka ilipoikuta programu mara ya mwisho na kwenda pale pale bila kutafuta upya, na dirisha hilo lilikuwa na PATH ya zamani ya majaribio yetu. `hash -r` inafuta kumbukumbu hiyo. Kufungua dirisha jipya pia kunafuta.

Jingine lililotukwaza lilikuja aliposasisha. TeX Live ya 2023 aliisakinisha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, mwenye mashine yote, hivyo mafaili ni ya root, na `sudo tlmgr update --self --all` ikajibu kwamba amri haipo, wakati `tlmgr` bila sudo inajibu vizuri. Sudo haitumii PATH yako, ina yake iliyowekwa kwa usalama, na `/usr/local/texlive` haimo. Ama unaandika `sudo env PATH="$PATH" tlmgr ...`, ama unafanya nilichopendekeza: kompyuta ni ya mtu mmoja, mpe mwenyewe umiliki wa `/usr/local/texlive` kwa chown, usahau sudo kwenye mambo ya TeX. Kuna wanaolipinga hilo kwa sababu za usalama. Kwenye seva ya idara nakubaliana nao.

Ningefanyaje tangu mwanzo

Kwa tasnifu nyingi ninazoziona, TeX Live ya apt inatosha na kubaki. Watu wanakimbilia toleo jipya kwa sababu ni jipya. Huyu alikuwa na sababu ya kweli, amri moja isiyokuwepo, na kwa sababu hiyo mlango wa pili ulikuwa halali. Ila nisingepita nao nikiwa na kila kitu mgongoni:

`perl ./install-tl --scheme=small --no-doc-install --no-src-install`

Nyaraka na misimbo zikiachwa, mzigo unapungua sana hata kwenye mpango kamili. Kwenye mpango mdogo unabaki sehemu ndogo tu ya zile gigabaiti 7. Kinachokosekana baadaye unakiita kwa jina: `tlmgr install biblatex biber`, na safari hii jibu lile fupi la mtandaoni linakuwa la kwako. Nyaraka utazikosa siku huna intaneti na unataka `texdoc`. Mimi nazikosa. Kila mtu apime bando lake.

Kama mko watano maabara, mmoja avute ISO ya TeX Live, faili moja kubwa lenye kila kitu, mara moja, wengine wapewe kwa flashi. Inafunguliwa kwa `mount -o loop` na kusakinishwa bila mtandao. Flashi nyingi za mtaani zimepangwa FAT32, ambayo haibebi faili moja linalozidi gigabaiti 4, na ISO hiyo inazidi. Utaona nakala ikigoma karibu na mwisho, udhani flashi ni feki. Ipange upya exFAT.

Na kuiondoa hii ya mlango wa pili, siku ikifika, ni kazi nyepesi kuliko ya apt, maana yote iko chini ya paa moja. Kama ulikubali ikuwekee viungo kwenye `/usr/local/bin`, anza na `tlmgr path remove` wakati tlmgr bado ipo. Ukifuta folda kwanza, viungo vinabaki vikielekeza hewani na hakuna wa kuvikusanya. Kisha `rm -rf` ya `/usr/local/texlive/2023`, ukisoma namba ya mwaka mara mbili, na `~/.texlive2023`. Folda ya `texmf-local` iko nje ya mwaka kwa makusudi. Kama una mitindo ya idara humo, iache. Mwisho, mstari wa PATH kwenye `~/.profile`, ambao ndio kila mtu anausahau.

Alhamisi jioni aliniandikia kwamba msimamizi ameipokea nakala, ana masahihisho mawili ya sura ya tatu, hakuna la LaTeX. Ijumaa akakabidhi. Machi iliyofuata TeX Live 2024 ilipotoka, aliniambia ameshaiweka na ya 2023 ameshaitoa, peke yake. Nikamwomba anitumie `type -a pdflatex`.

"Mstari mmoja tu, kaka."

"Na ile ya `/bin`?"

"Imeondoka na mwenyewe."